Mama wa Sauti Hii Asimame

Nkende, Tarime
Jumatatu, mwezi wa nne

Mpendwa dada Vivian,

Pokea salamu zangu, za kawaida na zile nyingine nilizokuwekea tangu ulipopanda gari la Sirari bila kuaga. U hali gani huko Migori? Mtoto anaendeleaje, ameanza kukaa au bado? Binamu yako Ojwang aliniambia amechukua paji lako la uso, na kwamba akilia jengo zima linajua. Nikacheka, nikamwambia hiyo sauti haikuokotwa njiani. Shangazi yako naye mpe shikamoo yangu ingawa hanijui.

Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Mvua imekubali, mahindi ya mama yamefika kiunoni, na mbuzi wetu ameingia tena shamba la jirani akatuletea maneno. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka, nimepata daraja la tatu, nasubiri kuona kama nitachaguliwa kuendelea. Baba anasema si vibaya kwa mtu aliyemaliza sekondari bila kunyoosha mkono darasani. Alisema kwa utani, lakini ni kweli. Wewe unanijua. Hata nikitumwa sukari dukani, nasimama pembeni mpaka watu waishe ndipo niseme.

Nimeamua kuandika kwa sababu laini yako ya zamani haipatikani na mpya hukumpa mtu wa huku. Ojwang anayo, lakini anasema ulimwapisha. Sikumlazimisha. Nimemwomba abebe barua tu anapokwenda kuchukua mzigo wake huko, maana barua haikuwamo kwenye kiapo.

Huenda kile kipande cha video kimeshakufikia. Kama umekiona, umeona watu wakicheka na Agustina akikimbia. Hujaona kilichotangulia wala kilichofuata. Mimi nilikuwepo, tena karibu kuliko wote, kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukishamaliza, kasirika.

Kaka Okal, yule mwenye steshenari ninapofanya kazi ya kuchapa barua za watu, alipata kibarua Nyamongo. Yeye ndiye aliyekuwa akishika kompyuta na spika za kanisa. Akamwambia Mwalimu Magige wa kwaya kwamba mimi nitaweza. Mwalimu alinitazama kama mtu anayeletewa kuku mgonjwa, akasema basi nijaribu. Nilikubali kwa sababu moja tu, meza ya mitambo iko nyuma ya nguzo. Ukikaa pale unawaona wote na hakuna anayekuona.

Mwanzoni nilipata taabu. Kibodi ya zamani ilikuwa imeng'oka herufi, na kwa sauti ilinibidi nitumie mausi, niutafute ule mshale, niuburute mpaka pembeni ya skrini. Sasa unajua kwamba kilichoko kwenye skrini ndicho kinachoonekana ukutani pembeni ya mimbari. Kanisa zima lilikuwa linautazama mshale wangu ukihangaika kama kuku aliyepotelewa na banda. Siku moja nilibofya pasipotakiwa, katikati ya sala ya Bwana ikafunguka kikokotoo. Wazee walifumbua jicho moja moja.

Ndipo Kaka Okal akaleta kibodi mpya. Juu ya herufi ina safu ya vitufe vidogo vilivyotengenezwa kwa ajili ya sauti peke yake. Kuna cha kupunguza, cha kuzima kabisa, cha kuongeza, kisha cha kuanzisha na kusimamisha wimbo, na viwili vya kurudi nyuma na kwenda mbele. Unabonyeza tu, hakuna mshale, hakuna dirisha linalofunguka ukutani. Hata kama umefungua maandishi ya neno la siku, wimbo unakusikia. Dada, niliipenda ile kibodi kuliko inavyofaa kupenda kitu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nafanya jambo kanisani na hakuna aliyejua ni mkono wa nani.

Sasa nikueleze jinsi kwaya inavyoimba siku hizi, maana wewe uliondoka kabla. Tangu mliporudi kutoka studio Mwanza, Mwalimu Magige aliamua kwamba tutaimbia juu ya ule mkanda. Maikrofoni zinazimwa, wimbo unapigwa kwenye kompyuta, kwaya inacheza na kufumbua midomo. Anasema kwaya kubwa zote zinafanya hivyo, na kwamba mtu aliyecheza hana pumzi ya kuimba. Lakini ule mkanda mliurekodi kabla ujauzito wako haujajulikana. Ulipotengwa na kanisa, sauti yako ilibaki. Iko kwenye nyimbo zote, na kwenye wimbo wa tatu, ule wa mjane wa Sarepta na pipa lake la unga, uko peke yako beti mbili nzima.

Mahali pako mbele wakamweka Agustina, binti wa Mzee Machage. Agustina si mtu mbaya, naomba hilo ulishike. Anacheza vizuri, kitambaa chake cha mkononi kinafuata mdundo, ila kooni hana kitu na mwenyewe anajua. Hakuomba kuwekwa pale. Aliwahi kuniambia kwamba akifumbua mdomo kwenye beti zako huwa anatazama mlangoni, anaogopa utaingia.

Na mimi nilikuwa na jambo langu dogo. Kila Jumapili zikifika beti zako nilikuwa nagusa kile kitufe cha kuongeza, mara mbili tu, sauti inavimba kidogo, kisha nairudisha. Hiyo ilikuwa salamu yangu kwako. Mwalimu Magige aliligundua, akasema wale watu wa studio walikosea pale, sauti inaruka yenyewe. Nikamwacha na wazo hilo.

Kutoka mezani kwangu nilikuwa namwona pia mama yako. Najua hutaki kusikia habari zake, lakini siwezi kueleza haya bila yeye. Alikuwa anakuja kila Jumapili, akichelewa, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Wimbo wa tatu ukiisha anafunga Biblia yake, anatoka, hata sadaka hangoji. Nilikuwa nasema moyoni kwamba anatoka kwa maumivu. Nilidhani kila Jumapili anachapwa upya, kusikia sauti ya mwanawe ikitokea kwenye mdomo wa mtu mwingine. Sikumuuliza. Mimi na kuuliza wapi na wapi.

Basi ikaja siku ya uzinduzi wa albamu. Mgeni rasmi alitoka Musoma, maturubai yalifungwa nje kwa wasiopata nafasi, wali ulipikwa tangu alfajiri. Kabla ibada haijaanza mama yako alikuja kwenye meza yangu, mara ya kwanza kabisa. Nikamwamkia. Akaniinamia sikioni kwa sababu watu walikuwa wengi, akaniambia, nyathina, mwanangu, ule wa tatu ukifika uongeze, huku nyuma feni zinameza maneno. Nikasema ndiyo mama. Nilishangaa kwamba anautaka ule wimbo, lakini sikupata nafasi ya kulifikiria, Mwalimu alikuwa ananiita. Watu wengi walimwona ameniinamia.

Mshereheshaji alikuwa kijana wa kukodiwa kutoka mjini, mwenye maneno mengi na miwani myeusi ndani ya kanisa. Hakujua habari zetu. Wimbo wa tatu ulipoanza, Agustina akasogea mbele, ukaanza ubeti wa kwanza, na mimi nikaongeza kama nilivyoombwa. Ulisikika vizuri, dada. Hata wale waliokuwa wanagombania soda nje walitulia. Yule kijana akaona mambo yamekolea, akashika maikrofoni yake, ndiyo pekee iliyokuwa inawaka, akapaza sauti kwamba mama aliyeizaa sauti hii yuko wapi, mama wa sauti hii asimame tumtunze!

Unajua inavyokuwa. Akina mama wakapiga vigelegele, wakatoa vitenge kwenye mikoba, wakaanza kumsukuma mama yake Agustina aende mbele. Macho yote yalikuwa kwake. Yangu yalikuwa nyuma, kwa hiyo nadhani ni mimi na wale wa benchi lile tu tulioona. Mama yako alisimama.

Hakusita. Alisimama kama mtu aliyeitwa jina, mkono mmoja umeinuliwa nusu, na anatabasamu. Mama mmoja jirani yake akamvuta gauni akamwambia akae, anayeitwa ni mama wa yule anayeonekana. Mwingine, nisimtaje, akasema kwa nguvu ya kusikika benchi tatu kwamba wa kwako yuko Kenya anawaimbia nepi. Wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Mama yako akakaa, akavuta kilemba chake, na lile tabasamu likabaki usoni kwa sababu hakujua aliweke wapi.

Ukaanza ubeti wa pili, na hapo sauti ikakatika.

Sijui nikuelezeje kimya kile. Feni zilikuwa zinazunguka na taa zinawaka, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusingizia umeme. Kwaya iliendelea kucheza kidogo, tukasikia viatu vyao kwenye mbao. Midomo ilikuwa inafunguka na kufunga. Watoto ndio waliocheka kwanza. Mwalimu Magige alinigeukia akapunga mikono kwamba niongeze, niongeze, na mikono yangu ilikuwa mapajani, imekufa. Agustina alijaribu kuimba mwenyewe. Ikatoka sauti ndogo kavu iliyofika benchi la pili tu. Akafunika mdomo kwa kile kitambaa, akatoka mbio kwa mlango wa wazee. Kuna mtu alikuwa ameshika simu, ndiyo hiyo video.

Tangu siku ile Agustina hana amani. Akipita stendi ya bodaboda wanamuuliza kama chaji imeisha. Mwingine anamdakia mwenzake, mura, kijana, mwache, leo hajachomekwa flashi. Ameacha kwenda sokoni. Sahani za albamu hazikuuzwa hata moja. Mgeni rasmi alikula wali akaondoka bila kuhutubia.

Mimi, badala ya kuchapwa, nilihurumiwa. Mwalimu Magige alisema ni makosa ya kibodi, kitufe cha kuzima kimekaa katikati ya kile cha kupunguza na kile cha kuongeza, kidole cha mtu yeyote kinaweza kuteleza. Kaka Okal alikuja kutoka Nyamongo makusudi, akavaa miwani, akabonyeza akabonyeza, akasema aliyeipanga safu hii hakumfikiria mtu mwenye wasiwasi. Akachukua bisibisi akakibandua kile kitufe ili kisimponze mtu tena. Sasa kuna pengo kama la jino. Mama yangu alinipikia uji wa ulezi, akina mama wa kanisa walikuja kunipa pole. Sikusema lolote. Nikinyamaza, watu hunijazia maneno wenyewe.

Lakini Mzee Machage hakukubali. Alisema alimwona mama yako ameniinamia sikioni asubuhi ile, na kwamba mzazi wa mtoto aliyetengwa haji kunong'ona na mtu wa mitambo bure. Alisema, mama Vivian amemtuma huyu mtoto amwaibishe binti yangu mbele ya watu. Maneno yakakimbia kuliko bodaboda. Wengine wakaongeza la ukabila, kwamba hawa Wajaluo hawasahau. Baraza la wazee likamwita mama yako. Wakasema ikithibitika naye atatengwa, na ombi lake litatupwa.

Ombi gani, utauliza. Mimi pia sikulijua. Mwalimu ndiye aliyeniambia. Miezi yote hii mama yako alikuwa anakwenda kwa mchungaji kukuombea upokelewe tena, na upokelewe bila kusimamishwa mbele ya watu. Alikuwa amekaribia kukubaliwa.

Walipomuuliza alichoninong'oneza, alijibu, nilimwomba aongeze. Wakamuuliza tena, akajibu hivyohivyo. Wakamwambia ajitetee vizuri, akanyamaza. Mwalimu alinihadithia haya huku anatikisa kichwa, akasema yule mama hajui kusema, anajimaliza mwenyewe. Maneno hayo yaliniingia kama mwiba, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyonisema mimi.

Jumamosi nikaitwa barazani. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipoingia niliwaamkia, na nadhani hawakusikia, kwa hiyo nikaamkia tena. Mama yako alikuwa amekaa pembeni, mikono juu ya mkoba. Mchungaji akaniuliza kwa upole kama kidole kiliteleza, akasema niseme ndiyo tu, turudi nyumbani. Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, Mzee Machage akanyoosha mkono, akasema ana swali moja dogo. Akasema yeye si mtu wa kompyuta, lakini amemuuliza Okal, na Okal amemwambia kitufe kile kile kinachozima ndicho kinachowasha. Basi kama kidole kiliteleza, kwa nini hakikurudi? Wimbo mzima, binti, mkono wako ulikuwa wapi?

Dada Vivian, hapa usome polepole. Kidole changu hakikuteleza.

Nilipomwona mama yako akivutwa gauni, nilishuka kwa macho mpaka kwenye ile safu, nikakitafuta kitufe chenye spika iliyokatwa, nikakibonyeza. Sikukosea. Sikukufikiria wewe wala Agustina. Nilikuwa nimesahau hata kile mama yako alichoniomba asubuhi. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa na njia ya kupiga kelele bila kufungua mdomo. Nilitaka wale wanawake wanyamaze, na hakuna kitufe cha kuwazima wao, basi nikazima nilichoweza. Ndivyo nilivyowaambia wazee. Niliona aibu kwa sababu kamasi lilikuwa linanitoka na sina leso, lakini niliyasema yote. Nikawaambia hakuna aliyenituma. Mama Vivian aliniomba niongeze, mimi nikazima, sasa angenitumaje?

Mchungaji akaniuliza kwa nini nalisema leo, wakati watu walikwisha kunisamehe. Nikamjibu kwamba walinisamehe kuteleza, na mimi sikuteleza. Mzee Machage akasema kwa Kikurya neno ambalo sitaliandika, kisha akamgeukia mama yako akasema, haya, tumesikia. Kwake hilo ni kuomba radhi. Mama yako aliitikia kwa kichwa. Mimi hakunitazama.

Nimeondolewa mezani na kwenye kwaya, kwa muda ambao hawakuutaja. Baba hajanigombeza, ila ameacha kunitaja jina, anasema mwambieni huyo alete maji. Nilikwenda kwa Agustina kumwomba msamaha. Alifungua mlango robo. Alisema alikuwa anatamani siku moja ule uongo uishe, lakini si kwa kuvuliwa nguo mbele ya mgeni rasmi. Akasema ningemwambia tu, tungekwenda wote kwa Mwalimu tukakataa. Kisha akafunga. Alisema kweli.

Kuna uamuzi mwingine. Ili kumaliza maneno, baraza limesema nyimbo zenye sauti yako zisipigwe tena kanisani mpaka utakaporudi na kusimama mbele ya ushirika. Kwenye kompyuta zimefutwa, na sahani zote zimefungiwa kwenye kabati la mchungaji. Dada, nitakuambia ukweli, nilifurahi. Nilisema afadhali, sasa hakuna atakayejivika sauti ya mtu wakati mwenyewe amefukuzwa. Nilifurahi kiasi kwamba nilitoka barazani mbio, mimi, nikamfuata mama yako, aliyekwisha kuruhusiwa kuondoka kabla ya uamuzi, mpaka nyumbani kumpelekea ile habari kama zawadi.

Nilimkuta anachambua dagaa uani. Nikamwambia, mama, hawataitumia tena sauti ya Vivian. Mikono yake ikasimama. Akaniuliza, hata ule wa tatu? Nikamwambia hata ule wa tatu. Akachambua dagaa wachache, akaacha tena. Kisha akaniambia, bila ukali wowote, nyathina, mimi nilikuwa nakwenda kumsikia.

Akanieleza kwamba tangu uondoke hukupokea simu yake hata mara moja mpaka laini yako ikazimika, na simu yake ni ile ya tochi, haina nyimbo. Hana mahali pengine pa kukusikia. Alikuwa anaoga, anavaa, anapanda mlima ule wa kanisa kwa ajili ya beti zako, na wimbo ukiisha hana tena la kumweka pale. Mimi ndiye niliyemtafsiria maumivu. Nikamuuliza kuhusu siku ya uzinduzi. Akasema alisimama kwa sababu yule kijana alimwita mama wa sauti, na mama wa sauti ni yeye, hakuwa na sababu ya kufikiri. Waliponivuta nikakaa, akasema. Hata nikikaa si bado nasikia? Halafu wewe ukanizimia mtoto.

Nililia pale uani. Hakunibembeleza wala hakunifukuza. Aliniongezea ungo, tukachambua.

Tulipokuwa tunachambua nikamuuliza lile ambalo najua limekufungia mdomo wewe. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza siku wazee walipokusimamisha na kusoma uamuzi. Sijui nilipata wapi ujasiri. Akasema angefungua mdomo angepiga yowe, na yowe la mama mbele ya watu ni la msiba. Hakutaka kukulilia ungali hai umesimama pale. Akasema alidhani utamtazama na utajua. Hukumtazama. Alisema hivyo bila kulaumu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Jana Jumapili hakuja kanisani. Nilikuwa nimekaa nyuma, maana sasa sina meza, nikaona watu wengine wameketi benchi lake, wamejipanga hakuna nafasi. Kwaya iliimba kwa midomo yao wenyewe, bila spika. Walikosea mara nyingi na Mwalimu alikuwa anapiga mguu. Wewe ungecheka, kisha ungewasaidia.

Sikuombi urudi kusimama mbele ya mtu yeyote. Hilo si langu na sitalisema. Wala sikuombi umsamehe mama, mimi mwenyewe sijasamehewa na Agustina, nitakuwa na uso gani. Nimekuandikia kwa sababu kwa kidole changu nimemwondolea kitu ambacho sina namna ya kumrudishia, na wewe unayo. Hajui kwamba nakuandikia. Safari hii pia hakuna aliyenituma.

Namba yake ni ileile. Simu anaiweka dirishani, ndipo mtandao unaposhika, na nimemwona kwa macho yangu: ikilia anaacha chochote alichoshika anatoka mbio, hata kama ni wale wa matangazo.

Mama yangu anakusalimu sana, amempa Ojwang shali ya mtoto pamoja na barua hii, amesema umsamehe kwa rangi yake. Mbusu mtoto paji la uso kwa niaba yangu. Msalimie shangazi tena. Mungu akulinde wewe na huyo mdogo, na kama hutanijibu nitaelewa, nitaendelea kukuheshimu hivyohivyo.

Ni mimi mdogo wako,

Elieth Emanueli